Vidude Vilivyoikataa Kompyuta

Mara ya tatu asubuhi ile, redio ya Apolinaria ilinyamaza katikati ya rozari. Ilikuwa redio ya ndani ya simu, na simu yenyewe ilikaa juu ya kigoda uani, mbali kidogo na ndoo ya asali. Apolinaria aliitupia jicho la lawama. Mikono yake ilikuwa imejaa asali hadi viwikoni, hakuweza kuishika, kwa hiyo akamalizia sala kwa mdomo wake mwenyewe huku akiendelea kuchuja.

Ndani, binti yake alikuwa akizungumza peke yake.

"Haivioni. Haivioni tena. Sasa nikufanyeje wewe?"

Aliyekuwa akisemezwa ni kompyuta. Advera alikuwa na miaka ishirini na sita, shahada moja, na miaka miwili ya kukaa nyumbani, na mtaa mzima wa Isevya ulikuwa umeshampa jina la msomi wa kuchuja asali. Hakuna aliyemwita hivyo usoni. Walimtupia kwa namna ya salamu: "Bado mpo mpo tu na mama?" Salamu ya namna hiyo inauma kuliko tusi, maana tusi unaweza kulijibu.

Leo ilikuwa siku ya kulifuta jina hilo. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilitafuta watu wa kusikiliza sauti zilizorekodiwa vijijini, sauti za wazee wanaozungumza Kinyamwezi, na kuziandika neno kwa neno. Mtihani ulikuwa saa nane kamili mchana, kwa intaneti, msimamizi akiwa Dar na mtahiniwa akiwa kwake. Masharti yalisema asiye na kompyuta na hedifoni asijisumbue. Kompyuta ilikuwapo. Advera aliinunua kwa mtu, imechoka, spika zimekufa, na tundu la kuchomekea waya limevunjikiwa na ncha ya hedifoni ya mwenye nayo wa kwanza. Ndiyo maana akanunua vile vidude visivyo na waya, viwili, vyeupe, vinavyolala ndani ya kikopo chao. Akavitunza kwa ajili ya siku kama hii, hata kuvijaribu hakuvijaribu.

Na hapo ndipo ilipokuwa dhambi ya Apolinaria.

Mwezi huo Advera alikwenda Ipole kwa baba yake, mzee Raymundi, kumsaidia kurina asali. Alikaa wiki mbili, akarudi jana jioni. Kabla ya kuondoka aliviweka vidude kwenye droo, akasema mbele ya mama yake na mbele ya Bi Fakhria, jirani wao wa ukuta kwa ukuta, "Jamani, hivi visiguswe na mtu." Siku ya tatu vikaguswa.

Wanawake hawa wawili wameishi pamoja miaka kumi na tisa, na kila kitu cha maana wamekinunua nusu kwa nusu. Pasi ni moja. Mbuzi ya kukunia nazi ni moja. Ngazi ni moja, nayo hulala kwa huyu wiki hii na kwa yule wiki ijayo. Kwa hiyo walipofungua kile kikopo wakakuta vidude viwili, hawakuona hedifoni, waliona mgawo. Bi Fakhria, ambaye binti yake Ruaa aliyeko Muscat amemfundisha simu kuwashinda vijana wengi, akaunganisha kimoja na simu yake na cha pili na simu ya mwenziwe. Karibu wiki mbili Bi Fakhria alisikiliza darasa za masheikh chini ya mtandio huku akipika, na Apolinaria akasikiliza rozari huku akichuja asali, kila mmoja sikio moja, la pili likibaki la kusikilizia hodi. Tangu aolewe Apolinaria hakuwahi kusali kwa raha kama ile. Jana Advera alipopiga simu kusema yuko kwenye basi, walivifuta kwa kitambaa, wakavirudisha, wakaahidiana kunyamaza.

Sasa vimekufa. Apolinaria alikuwa na hakika kwamba wameviua wao.

Advera alitokea mlangoni na kikopo mkononi.

"Mama, kuna mtu aligusa hivi?"

"Nani aviguse, mwanangu? Si vilikuwa kwenye droo."

Alijibu bila kuinua uso, akiukamua ule mfuko wa kuchujia ambao ulikuwa umeshakauka.

* * *

Saa nne walikuwa kwenye kibanda cha fundi Justus, jirani na soko. Kompyuta waliiacha nyumbani, betri yake haikai hata dakika moja bila umeme, na simu ya Apolinaria ilibaki juu ya kigoda chake. Apolinaria ndiye aliyeng'ang'ania kwenda, na ndiye aliyebeba pesa, shilingi elfu kumi na mbili kutoka kwenye kopo la asali. Advera alishangaa. Mama yake si mtu wa kutoa pesa kabla ya kuombwa mara tatu.

"Shika, fundi," Apolinaria alisema, akinyoosha kikopo.

Justus alikipokea kwa ncha za vidole. "Mama, samahani, umenipaka nini hapa? Kinanata."

"Ni asali, baba. Ndiyo kazi yangu."

Justus akachukua pamba na spiriti, akakifuta kile kikopo polepole, juu, chini na pembeni, mbele ya wateja wanne waliokuwa kwenye benchi. Apolinaria aliificha mikono chini ya kanga, mikono aliyoinawa kwa sabuni mara mbili. Kisha fundi akatoa kidude kimoja, akakipachika sikioni, akabonyeza kompyuta yake. Muda si muda kichwa kikaanza kucheza kwa muziki ambao wengine hawakuusikia.

"Dada, hivi ni vizima kuliko mimi. Ugonjwa uko kwenye laptopu yako."

"Umejaribu vyote viwili?" Advera aliuliza.

"Ukionja mchuzi kijiko kimoja, dada, unajua sufuria nzima." Benchi likacheka. "Laptopu za kununua mkononi zina magonjwa ya wenyewe. Blututhi yako imekufa. Kuna kidude cha kuchomeka pembeni, ninacho hapa, elfu ishirini na tano. Na kupima ni elfu mbili."

Apolinaria alilipa mbili. Akazisogeza zile kumi mezani. "Chukua hizi, baba. Zilizobaki nakuletea Jumamosi, nina chupa thelathini za asali ya Ipole."

"Huku hatukopeshi, mama. Na hiyo asali yenu siku hizi ni sukari guru tupu."

Apolinaria alimfikiria Raymundi, ambaye wiki iliyopita tu aliumwa na nyuki jicho likafumba, kwa ajili ya hiyo sukari guru. Alikuwa na jibu, tena kali, lakini alimtazama binti yake aliyekuwa amekwisha kugeuka kuondoka kichwa chini, akaokota pesa zake akamfuata.

Hata hivyo, njiani miguu yake ilikuwa miepesi. Aliona aibu kwa wepesi ule, lakini ndivyo ilivyokuwa. Vidude ni vizima. Hawakuviua. Ile siri sasa ingeweza kufa na watu wawili, mmoja Mkatoliki na mmoja Mwislamu, na hakuna ambaye angeulizwa.

* * *

Saa saba na dakika ishirini Advera aliketi tena mbele ya kompyuta, akaizima, akaiwasha, akafungua kikopo. Uani redio ikanyamaza. Na upande wa pili wa ukuta ikasikika sauti ya Bi Fakhria.

"Mama Advera, na yako imekata?"

Apolinaria aliutazama ukuta. Kisha akautazama mlango wa chumba cha binti yake. Akaacha chujio, akaenda kusimama karibu na ukuta, akashusha sauti.

"Bi Fakhria, asubuhi yako ilikata mara ngapi?"

"Mara tatu. Na hii ya sasa."

"Na tulipokuwa mjini?"

"Mlipokuwa mjini haikukata hata mara moja. Nimesikiliza darasa mpaka dua ya mwisho."

Apolinaria hakupita darasa la saba, lakini thelathini ni miaka mingi ya kukaa na mrina asali, na jambo moja alilijua: nyuki aliyeuzoea mzinga wake, hata ukimtoa hapo, atarudi palepale. Akausogelea ukuta zaidi.

"Bi Fakhria. Vile vidude havijafa. Kila akivifungua vinakimbilia kwetu. Changu kinakuja kwenye simu yangu, chako kinapita ukuta kinakuja kwako. Ndiyo maana redio zetu zinanyamaza, sauti inaingia humo kwenye kikopo. Na ndiyo maana kompyuta haivioni. Mjini tulikuwa mbali, vikakosa pa kukimbilia."

"Subhanallah," Bi Fakhria akasema. Halafu haraka, "Basi tuzime simu zetu, shoga yangu, taratibu tu. Mtoto hana haja ya kujua."

Mtu akionyeshwa mlango wa nyuma mara nyingi huupita. Apolinaria aliupita. Alizima simu, akasikia na ya jirani ikilia mlio wake wa kuzimika. Haukupita muda, ndani Advera akasema kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani, "Imekiona. Mama, imekiona."

Apolinaria alijifuta macho kwa mgongo wa mkono akapaka asali kwenye shavu. Lakini alipoingia, binti yake alikuwa amekunja uso tena. Ilikuwa saa nane kasoro robo. Kwenye kioo kulikuwa na ukurasa wa majaribio, wa kuhakikisha kila mtahiniwa anasikia.

"Kinafanya kazi kimoja tu," Advera alisema. "Sauti zao zimegawanywa. Muulizaji yuko sikio la kushoto, mzee anayejibu yuko la kulia. Mimi namsikia muulizaji tu. Anauliza, anauliza, na mzee hajibu kitu. Mtihani wenyewe ni huyo mzee." Alikigeuza kile kidude cha pili kwenye kiganja. "Hiki hakimjui mwenzake, mama. Hakitaki hata kuwa naye. Sielewi, ni kipya, lakini kinafanya kama kiliwahi kuishi peke yake."

Mficha uchi hazai. Apolinaria alikuwa amelitumia neno hilo kwa wengine mara nyingi, kwa wake wa wagonjwa na kwa wasichana wenye mimba, na kila mara aliliona ni rahisi kusema.

"Kiliishi peke yake," alisema. "Wiki mbili."

"Nini?"

"Nilivigusa, mwanangu. Uliponiuliza asubuhi nilikudanganya. Kimoja nilikuwa nacho mimi."

"Na kimoja?"

"Kimoja nilikuwa nacho mimi," akarudia, maana alikuwa amekula kiapo kwa ajili ya mwenziwe.

"Kimoja nilikuwa nacho mimi, Advera." Bi Fakhria alikuwa mlangoni, amefika bila hodi, mtandio umekaa upande, simu iliyozimwa mkononi. "Na mimi ndiye niliyeviunganisha. Mama yako hata kubonyeza hajui. Ukigomba, nigombeze mimi."

Advera aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Uso wake ukapandwa na hasira, hasira ya kweli, na Apolinaria aliipokea bila kukwepa.

"Tangu asubuhi mnaniangalia nahangaika. Nimechekwa na yule fundi na ninyi mnajua."

"Sikujua ndiyo sababu," Apolinaria alisema. "Nilidhani tumeviua. Niliona aibu. Nilikuona umekaa miaka miwili unangoja siku moja, na siku yenyewe nimeiharibu kwa ajili ya kusikiliza redio. Ningekwambiaje?"

Advera alifumba macho. Alipoyafumbua ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na mbili, na hasira ilikuwa bado ipo, lakini imewekwa kando kama mzigo wa kurudiwa baadaye.

"Nipeni simu zenu. Ziwasheni."

Aliingia kwenye simu ya mama yake, akatafuta jina la kile kidude, akalifuta. Akaingia ya Bi Fakhria, akafuta. Kwenye kompyuta nako akafuta. Kisha akavirudisha vyote viwili ndani ya kikopo, akavitoa, akavibana kimoja kwa kidole hiki na kingine kwa kile, akahesabu kimoyomoyo. Wanawake wawili waliinama naye, vichwa vitatu juu ya viganja viwili. Taa za vidude zikawaka nyekundu, buluu, nyekundu, buluu. Halafu moja ikazimika, ikabaki moja ikiwaka peke yake.

"Vinafanya nini?" Bi Fakhria akanong'ona.

"Vinajuana."

Kwenye kompyuta likatokea jina moja. Advera akalibonyeza, akavipachika masikioni, akarudi kwenye ukurasa wa majaribio. Walimwona akisikiliza. Kisha akaanza kutabasamu, na Apolinaria, ambaye hakusikia chochote, alijua kwamba mahali fulani mzee mmoja amemjibu muulizaji.

* * *

Mtihani ulichukua saa nzima. Simu mbili zilizimwa tena, zikafungiwa ndani ya sufuria yenye kifuniko, wazo la Bi Fakhria, ambaye sasa hakuziamini hata zikiwa zimezimwa. Wao wenyewe walikaa uani kwenye mkeka, wamenyoosha miguu, wakilinda ukimya. Kuku aliyetaka kutangaza yai lake alitupiwa ndala.

Kupitia dirishani ilikuja sauti ya Advera peke yake, akimjibu msimamizi wa Dar, kwa vipande. "Ndiyo, dada Theodora, nakusikia." Halafu kimya kirefu na mlio wa kuandika. Halafu ghafla Kinyamwezi, kile cha Ipole kabisa, cha Raymundi na kaka zake, Advera akirudia maneno ya mtu asiyeonekana kisha akiyaeleza kwa Kiswahili: namna ya kuchagua mti wa kutundikia mzinga, na kwa nini mzee yule anasema mti fulani una kiburi. Apolinaria alijishika kifua. Kinyamwezi hicho shuleni walimchapa Advera kwa ajili yake.

Katikati ya yote hayo akaja mteja. Shaban, mwenye duka la Ng'ambo, mtu wa kugombea bei mpaka mate yakauke, alisukuma mlango wa ua akafungua mdomo kupiga hodi. Wanawake wawili wakaweka vidole midomoni kwa pamoja. Shaban akabaki mdomo wazi. Apolinaria akamwonyesha chupa. Shaban akanyoosha vidole: kumi. Apolinaria akaonyesha bei kwa vidole. Shaban akataka kusema neno, Bi Fakhria akamkazia macho, na dirishani sauti ya msichana ikawa inaendelea na mambo mazito. Masikini ya Mungu, hakujua hata ni msiba au ni nini. Akalipa bei kamili, kwa mara ya kwanza tangu Apolinaria amjue, akazibeba chupa zake akatoka kwa kunyata. Bi Fakhria aliuma mtandio wake asicheke, mabega yakamtetemeka mpaka machozi yakamtoka.

Kisha dirishani kukawa kimya kabisa. Hakuna kuandika, hakuna Kinyamwezi. Bi Fakhria aliacha kucheka, akaushika mkono wa mwenziwe wenye asali akaubana.

Advera alitoka nje. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Imekuwaje?" Apolinaria akauliza kwa kunong'ona, kwa mazoea ya saa nzima.

"Unaweza kusema kwa sauti, mama. Imekwisha." Akakaa kwenye mkeka kati yao. "Tulikuwa watu tisa. Yule mzee hana meno, anaongea huku anatafuna kitu. Wanane wameandika nusu. Dada Theodora amesema yangu haina pengo hata moja. Naanza Jumatatu. Mkataba wa mwaka mzima, amenitumia tayari, nimeuona kwa macho yangu."

Bi Fakhria ndiye aliyeanza. Kigelegele alichokizuia tangu saa nane kilitoka pamoja na akiba yake yote, kikaruka ukuta, na Apolinaria akakipokea. Wakapiga vigelegele mpaka mlango wa ua ukafunguka, majirani wakaingia mmoja mmoja kuuliza ni harusi ya nani, na wale wale wa salamu za mpo mpo tu wakawa mbele kushika mkono wa Advera. Aliwapa mkono wote, mgongo umenyooka.

Advera alimgeukia mama yake katikati ya vurugu ile. "Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Jumatatu nikipata mshahara wa kwanza, nawanunulia vyenu. Kila mtu viwili vyake."

"Mshahara hautoki Jumatatu," Apolinaria alisema, na wote wawili wakacheka, na Advera akalaza kichwa kwenye bega la mama yake bila kujali asali.

Apolinaria akatoa simu yake sufuriani, akaiwasha, akampigia Raymundi. Kule Ipole mtandao unapatikana sehemu moja tu, penye kituo cha kupimia tumbaku, na ilikuwa bahati yake mzee alikuwa hapo pamoja na wenzake.

"Mtoto kapata kazi," alisema.

"Kazi gani?"

"Ya kusikiliza. Wanamlipa asikilize Kinyamwezi cha wazee na kukiandika."

"Rudia," Raymundi akasema. Akarudia. "Wanamlipa kusikiliza Kinyamwezi?"

"Ndiyo, baba Advera. Kwa mkataba."

"Basi sisi huku tumekuwa tunaongea bure," mzee alisema. Kisha hakuzungumza naye tena. Aligeuka kwa watu wake na simu mkononi, na Apolinaria akamsikia akiwatangazia kwa lugha yao, kwa nguvu, kwamba Advera wake, yule yule, amepata kazi kwa kusikia vizuri. Akasikia wanaume wakiitikia. Akasikia mmoja akiuliza na mwingine akimweleza, na yule aliyeelezwa akipaza sauti kumwita wa mbali zaidi aje asikie.

Apolinaria, ambaye maishani mwake hakuwahi kuongea na simu zaidi ya dakika moja, aliibana sikioni akasikiliza mpaka salio likaisha.